Kaka kauza shamba la urithi, mchungaji ananiambia nisamehe

*Shangazi, shikamoo. Baba alituachia watoto wanne shamba la mpunga huko Turiani, ekari 3. Ukoo ulimteua kaka mkubwa, mahakama ikampitisha kuwa msimamizi wa mirathi. Mwaka juzi akaliuza kimyakimya, akanunua Noah ya abiria. Mimi ni mama lishe hapa Morogoro mjini, nasomesha watoto wawili peke yangu, na shamba lile ndilo lilikuwa tegemeo langu. Mchungaji anasema nisamehe, Mungu atatoa. Kanisani tukifika kwenye "utusamehe makosa yetu" nanyamaza, wenzangu wanaendelea. Sasa binti wa kaka ana sendofu na nimeletewa kadi ya mchango. Nifanyeje? – Mwenye Kinyongo*

Marahaba, binti yangu, na pole. Huko kunyamaza katikati ya sala kumenigusa kuliko shamba lenyewe. Wengi wetu maneno yale tunayapita mbio tuwahi amina.

Kusamehe ni kuacha kumtakia kaka yako mabaya, pamoja na kuacha kuomba ile Noah ipinduke (hukuandika hivyo, lakini binadamu nawajua). Kudai hesabu ni jambo jingine, wala si dhambi. Soma Hesabu sura ya 27: mabinti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa na wakuu wote kudai fungu la baba yao, na Mungu akasema wana haki. Hakuwaambia wakatazame maua ya kondeni.

Basi anza na kaka mwenyewe, ana kwa ana, asije akasikia kwa watu: "Kaka, nakwenda mahakamani kuuliza." Kisha nenda Mahakama ya Mwanzo iliyomteua, uombe kuona jalada la mirathi. Msimamizi hutakiwa ndani ya miezi 4 tangu ateuliwe apeleke orodha ya mali na madeni ya marehemu, Fomu Namba 5, na baadaye hesabu za mirathi, Fomu Namba 6. Kama hakupeleka, wewe mrithi unaweza kuomba aitwe ajieleze. Nenda na wale ndugu zako wengine wawili. Ukienda peke yako utaitwa mvuruga ukoo.

Sasa kugumu. Huenda hela imeshakuwa matairi na mafuta, hairudi hata hakimu akikupa ushindi. Katika Luka 12 mtu mmoja alimwomba Yesu amwambie ndugu yake wagawane urithi. Yesu akakataa kuwa mwamuzi wao, akawaonya na choyo. Mistari hiyo inaniuma kila nikiisoma, maana huenda yule bwana alidhulumiwa kweli. Lakini hebu tazama. Unasema shamba ndilo lilikuwa tegemeo lako, na tangu liuzwe watoto wamekula, daftari zimenunuliwa, kwa wali na maharage ya jiko lako. Riziki imekuwa ikiingia kwa mlango mwingine, wewe macho umeyagandisha kwenye ule uliofungwa. Anza kumshukuru Mungu kwa hicho, kwa sauti. Ile sala utaimaliza siku yako ikifika, usijilazimishe Jumapili hii.

Sendofu nenda. Mtoto hakuuza shamba. Toa mchango uleule ambao ungempa binti wa ndugu mwingine yeyote, usiuongeze ili watu waone umesamehe, na habari za mahakama usizifungue pale ukumbini hata MC akikupa kipaza sauti.