Bodi za simenti ukutani: angalia kingo kabla ya rangi

Ukizunguka hadwea za Nairobi ukiulizia bodi za simenti za kuvika ukuta wa nje, wauzaji watakuimbia wimbo mmoja: ukishazipigilia umemaliza, hutazigusa tena. Nusu yake ni kweli. Bodi hizi ni simenti, mchanga na nyuzi za mti. Mchwa hawana habari nazo, moto hauzishiki kama mbao, na haziozi kama plaiwudi. Mimi nilizichagua kwa ghorofa ya juu kwa sababu ni nyepesi kuliko mawe, na sijutii. Lakini nyuma ya bodi kuna fremu, kati ya bodi na bodi kuna viungo, juu kuna rangi, na hivyo vyote huchoka mapema kuliko bodi yenyewe.

Ninaanza na kingo, maana ndizo zinazopuuzwa zaidi. Uso wa bodi hutoka kiwandani umebanwa vizuri. Pale grainda ilipopita, nyuzi hubaki wazi na hunywa maji. Ikilowa na kukauka misimu kadhaa, bodi huanza kuachana matabaka kama chapati, na rangi hubanduka kuanzia hapo hapo. Kila ukingo uliokatwa upakwe praima, ile rangi ya msingi ya kuziba uso, kabla bodi haijapanda ukutani, na hata matundu ya taa na mabomba yasisahaulike. Mafundi hawaipendi kazi hii. Wangu aliniambia, "Mama, hii ni simenti, itaozaje?" Nikamwambia, "Fundi wangu, praima nimeshanunua, wewe paka tu." Akapaka, ingawa kwa kununa.

Chini napo acha nafasi: sentimita 15 hivi kutoka kwenye udongo, na sentimita 5 hivi kutoka kwenye sakafu ya nje au paa la veranda. Mvua ya masika ikipiga udongo mwekundu wa huku Dagoretti, matone hurudi ukutani na tope lake. Cha kushangaza ni kwamba watu huiacha nafasi hiyo wakati wa kujenga, kisha wanakuja kuijaza wenyewe kwa udongo wa maua.

Viungo vikaguliwe kabla ya mvua, yaani Februari na tena Septemba. Paa likague pia: gata iliyoziba humwaga maji nyuma ya bodi, mahali usipoona. Silikoni ya kawaida ya dukani ya kuzibia viungo haikubali rangi, hivyo ulizia ile ya akriliki, tena ya nje. Usiweke mpya juu ya kuukuu. Ikwangue kwanza, ufute vumbi. Wanaokaa upande wa Embakasi kwenye udongo mweusi wa pamba wawe macho zaidi, kwa sababu udongo ule huvimba ukilowa na hunywea ukikauka, na nyumba huyumba nao. Kiungo kikifunguka kila mwaka pale pale licha ya kuzibwa, acha kununua silikoni, mwite mtu aangalie msingi.

Kuhusu rangi, tumia akriliki ya maji ya nje. Mji huu uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na jua lake ni kali hata siku ambayo umevaa sweta. Rangi zilizokolea hupauka upesi. Pitisha kiganja ukutani. Kikirudi na unga mweupe, rangi inakuaga. Kuanzia Juni hadi Agosti jua hupita kaskazini, na mara nyingi mawingu hayaliachi lionekane, hivyo ukuta wa kusini hukaa na unyevu na kuota ukungu wa kijani. Osha kwa maji ya sabuni na brashi laini. Ile mashine ya kuoshea magari iache iendelee kuosha magari, kwani husukuma maji ndani ya viungo.

Bodi ikivunjika, ile ya kuibadilisha ikatwe nje ya nyumba, kwa kuilowesha, na fundi avae barakoa ya vumbi inayobana, si leso. Vumbi lake lina silika, na silika huharibu mapafu. Na kama umenunua nyumba ya zamani yenye shiti za kijivu usizojua asili yake, usizikate wala kuzisugua. Huenda ni asbesto, ambayo vumbi lake ni hatari kwa mapafu, na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ina utaratibu wake wa kuziondoa.

La mwisho ni la bajeti: unaponunua, ongeza bodi chache za akiba. Maduka hubadilisha miundo, na kutafuta bodi ya mchoro ule ule baadaye ni kazi ya kuchosha. Zihifadhi mahali pakavu, zikiwa zimelazwa juu ya vipande vya mbao. Ukiziegemeza ukutani, utazikuta zimepinda.