Kabla ya kumnyima kijana simu, zungumza na mjomba wake

Nina vijana wawili nyumbani hapa Tudor, Mombasa. Wa kiume yuko kidato cha tatu, wa kike gredi ya tisa, na hakuna mwenye simu janja. Wana kabambe moja ya kushirikiana, ile mulika mwizi yenye tochi na redio. Wakihitaji intaneti kuna kompyuta kuukuu pale sebuleni, ama simu yangu nikiwa nimekaa ubavuni. Nikiyasema haya arusini ama kwenye foleni ya feri, swali la kwanza huwa lile lile: "Na hawalii?"

Walilia. Lakini kilio cha watoto kilikuwa chepesi. Walionitoa jasho ni watu wazima.

Kwa hivyo ukiniuliza uanzie wapi, nitakwambia anza na jamaa, kabla hata hujamwita mtoto mwenyewe. Huku kwetu mtoto si wa mama na baba peke yao. Ana nyanya, ana khalati, ana ami, na nyumba nyingi zina mtu wao Ghuba, Doha ama Dubai ama Jeddah, ambaye akija likizo haji mikono mitupu. Zamani alikuja na blanketi na udi. Siku hizi anakuja na simu, tena nzuri kuliko yako.

Kwetu aliyekuja nayo ni kakangu. Aliitoa mbele ya watu, boksi halijafunguliwa, akamkabidhi mwanangu. Kijana akanitazama. Sikuichukua pale pale, maana kumvunjia mtu heshima yake mbele ya ukoo ni kutafuta vita. Watu walipotawanyika nikamwita kando.

"Kaka, zawadi tumeipokea na Mungu akuzidishie. Itakaa kabatini mwangu mpaka apate kitambulisho."

"Wamnyima mtoto kitu changu?"

"Simnyimi. Namwekea. Nawe ndiwe utakayemwambia, maana akiambiwa na mjomba wake atasikia."

Akanung'unika kidogo, kisha akamwambia. Neno la mjomba lilifanya kazi ambayo mimi ningeifanya mwaka mzima. Tangu hapo, yeyote katika ukoo akitaka kuwapa watoto kitu, hunipigia kwanza. Ukimkosa mjomba, mtumie nyanya. Usiende vitani peke yako.

Kuna njia nyingine simu huingilia, nayo wazazi wengi huisahau: simu za kulipa mdogo mdogo. Unatoa kianzio, unalipa kila siku, ukikosa inajifunga. Mtoto hawezi kuichukua kwa sababu inadai kitambulisho, ila binamu wa miaka 19 aweza, kisha wakachangiana malipo kutoka kwenye nauli. Basi zungumza na binamu pia.

Sasa kuna hoja moja ambayo siwezi kuipuuza, na huletwa na akina mama wa watoto wa kiume. Jirani yangu aliniambia wazi: "Mama, mimi bora wangu awe kitandani na simu yake, nimjue alipo. Huko nje kuna mapanga." Hasemi uongo. Mtu wa Kisauni ama Likoni hana haja ya kuelezwa habari za magenge ya vijana, na mvulana asiye na la kufanya jioni huokotwa upesi. Ukimwondolea simu ukamwachia jioni tupu, umempeleka maskani kwa magenge kwa mkono wako mwenyewe.

Ila kujua kwamba yuko kitandani hakukwambii yuko na nani. Ule mchezo wa kamari wa ndege, Aviator, huchezwa chini ya shuka bila sauti. Sheria ya Kenya yakataza kamari kwa aliye chini ya miaka 18, lakini kijana hutumia laini ya kaka yake ama ya mamake, na mama hushtuka pesa za kodi zikishakwenda. Na wako watu wazima wanaozungumza na watoto wa kike mitandaoni wakijifanya rika lao. Mlango umefungwa, na wewe jikoni wakaanga viazi karai ukidhani mtoto yuko salama.

Kwa hivyo mimi huwaambia wazazi wazitazame saa. Kwangu saa za hatari ni kutoka Alasiri hadi Isha, na siku za hatari ni likizo, hasa ile ndefu ya mwisho wa mwaka. Shule ikiwa wazi kazi si kubwa. Watoto wa bweni hukaa muhula mzima bila simu na hakuna aliyekufa. Likizo ndiyo mtihani. Mvulana wangu jioni yuko uwanjani mpaka Magharibi, na kocha nina nambari yake. Ramadhani mpira wahamia usiku baada ya tarawehe, na hapo babake hushika kiti akakaa pembeni mwa uwanja, hata kama hajui nani afunga wapi.

Na kila likizo yuko kwa fundi. Hili ningetaka nilikazie, maana limenisaidia kuliko yote. Nilimtafutia fundi wa AC na majokofu. Mombasa, na joto letu la Januari hadi Machi, kazi hiyo haikosekani. Nilikwenda mwenyewe, sikumtuma mtoto. Unamkuta fundi kazini, unamwamkia, unamweleza kwamba mshahara huutaki, wataka mtoto ashughulike na ajifunze. Mkaelewana nauli na chakula cha mchana. Mkaelewana pia yale asiyoruhusiwa: kupanda ghorofani peke yake, kugusa nyaya kabla ya umeme kuzimwa. Jioni arudi amechoka, mikono myeusi, ana hadithi za nyumba za watu huko Nyali. Akila, analala. Na fundi ni mwanamume mwingine katika maisha yake, wa kumwambia mambo ambayo mimi nikisema naonekana napiga kelele.

Jumapili nyingine twashuka Mama Ngina, ile bustani ya ufukweni. Tangu pale patengenezwe upya 2019 pamekuwa mahali pa kukaa na familia, na meli zinazoingia bandari ya Kilindini hupita karibu mpaka wasoma jina. Mihogo ya kukaanga, madafu, ubishi wa bendera ya meli ni ya nchi gani. Wakati mwingine huboeka, wakaniambia, nami nawaacha waboeke.

Binti yangu ana mambo mengine kabisa, na hapa sitakuficha kwamba kuna anachokosa. Wenzake wana kundi lao la WhatsApp. Huko ndiko wanakopangia nguo za Idi, ndiko wanakochekea. Kuna sherehe ya kuzaliwa ya rafiki yake aliyoisikia ilipokwisha, akaja akanuna, na haki alikuwa nayo. Dawa yake si mahubiri ya maadili. Niliwatafuta mama za wale wasichana, mmoja mmoja, nikawaambia: mkipanga jambo, nitumieni mimi, ama mpigie kabambe. Wengine walikubali papo hapo, na kumbe wawili walikuwa wakingoja mtu wa kuanza, nao wakawanyang'anya binti zao simu. Leo tuko nyumba nne zenye sharti moja, na wasichana huzunguka kwenye nyumba hizo. Mtoto mmoja akiwa hana simu, hujiona mpweke. Wakiwa wanne, ni kawaida tu.

Anapaka hina, na mkono wake mzuri. Wateja wake hutuma picha za maua wanayotaka kwenye simu yangu, naye huyachora kwenye daftari kabla ya kwenda. Ni usumbufu, nakiri, mara nyingine namsukuma kando ili nijibu wateja wangu mwenyewe. Lakini lile daftari sasa limejaa maua yake mwenyewe, na bibi arusi mmoja alichagua moja kwa moja humo.

Kuhusu shule, usiogope sana. Kundi la wazazi liko kwenye simu ya mzazi, na kazi ya nyumbani ikitumwa napitia saiba, duka la intaneti, naichapisha, shilingi chache kwa ukurasa. Kama mwalimu atasisitiza kila mtoto awe na simu, nenda ukamwone. Nilimkuta mwalimu muungwana ambaye hakujua kwamba wapo wasio nazo, na tangu siku hiyo huandika ubaoni pia.

Ukinunua kabambe, tazama vizuri kabla ya kulipa. Zipo zenye intaneti ndani, vitufe vya zamani na mambo mapya, na muuzaji hatakwambia usipouliza. Laini isajiliwe kwa jina la mzazi. Na usidhani kabambe yamlinda na kila kitu, kwa sababu matapeli hawahitaji simu janja. Ujumbe utakuja kwamba umepokea pesa, kisha atapiga mtu analia: "Nimekosea nambari, nirudishie." Wafundishe watoto kuangalia salio kwanza, wasiamini ujumbe. Pesa kama zimeingia kweli kimakosa, mwenyewe aliyetuma ana njia yake, atapeleka ujumbe wake wa M-Pesa kwenye 456, na hakuna haja ya mtoto kurudisha kwa mkono. Ukiwa na laini ya Safaricom, jumbe za matapeli hupelekwa 333. Na nimewaandikia ukutani 116, nambari ya bure ya kusaidia watoto, hata kwa jambo ambalo hawawezi kuniambia mimi. Mtoto asiye na simu leo ataishika kesho, na sitaki aishike akiwa mjinga. Ndiyo maana tunaketi pamoja kwenye ile kompyuta, skrini ikitazama sebule, nikamwonyesha jinsi habari ya uongo inavyopambwa.

Kanuni yetu ni kitambulisho. Ukifika miaka 18, laini kwa jina lako, pesa zako, deni lako, simu yako. Mvulana wangu, ambaye ni wakili bila shahada, alinijia na hoja: "Mama, WhatsApp wenyewe wasema miaka 13." Nikamwambia Australia imezuia akaunti za mitandao ya kijamii kwa walio chini ya 16, sheria ilianza kazi 10 Desemba 2025, TikTok na Instagram na Facebook zimo. Akacheka. "Mimi nina 16, Mama. Tena WhatsApp haimo." Nikamwambia basi ahamie Australia.

Alinishinda, lakini simu hakupata.

Sasa sehemu chungu, ya wazazi. Huwezi kumwambia kijana aishi bila kitu ambacho wewe wakilalia. Biashara yangu ya mashungi iko kwenye simu, siwezi kuizima mchana. Lakini baada ya Isha kuna kapu sebuleni, na simu zote huingia humo, ya kwangu, ya babao, ya mgeni pia. Mume wangu alipinga zaidi ya watoto, kwa sababu ya mabao ya ligi ya Uingereza. Tukaelewana mechi ataitazama kwenye runinga na wanawe, na ajabu ni kwamba sasa yeye ndiye hulitafuta kapu. Wageni huona haya mwanzoni. Mama mkwe alisema nyumba yangu imekuwa kama benki, weka simu mlangoni. Lakini yeye ndiye aliyeanza kusimulia hadithi za Mji wa Kale alipokuwa msichana, na watoto wakakaa mpaka usiku.

Wengi huniuliza: na kama nimeshampa? Usimpokonye kwa hasira siku aliyokosea, ataiona kama adhabu na ataingoja iishe. Ngoja siku ya amani, mwite akiwa na babake, mweleze sababu, mpe tarehe ambayo simu itarudi. Laini yake usiitupe, ihamishie kwenye kabambe ili marafiki wampate kwa nambari ile ile. Chagua siku ambayo fundi ama kocha amekwisha kukubali kumpokea, asikae na mikono mitupu hata jioni moja. Atanuna, atasusa chakula. Mpikie anachokipenda na usimbembeleze; atakula. Na ile simu aliyoiacha usimwuzie binamu yake hapo mtaani, itarudi kwako kwa mlango wa nyuma kabla ya Ijumaa.