Pointi 15 za huyu si pointi 15 za yule

Swali lenu la wiki linauliza: "Umekosa alama za kuingia chuo kikuu, au mwanao amezikosa. Ungefanya nini?" Najua wengi watakaojibu ni waliokosa wenyewe. Mimi najibia nyuma ya kaunta. Nina steshenari Nkuhungu, hapa Dodoma, na kila Julai matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, dukani kwangu hapakaliki mpaka Oktoba. Kutoa kopi, kuskani vyeti, kuomba chuo, kuomba mkopo, kuhakiki cheti cha kuzaliwa RITA, na katikati ya hayo yote kubembeleza wazazi.

Jibu langu nalitoa mapema: ningechukua stashahada ya kitu ninachokitaka, nikaiacha digrii ya kitu kilichotokea kunikubali. Ila kabla ya hapo ningehakikisha kama kweli nimekosa. Wapo wanaoingia dukani wanalia na nafasi wanazo, na wapo wanaoingia na soda mkononi, wameshashangilia, kumbe hawana.

Tatizo ni pointi. Baraza la Mitihani linapanga divisheni kwa pointi ambazo uchache wake ndio sifa: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Unajumlisha masomo matatu ya kombi. Ukiwa na 3 hadi 9 ni divisheni wani, 10 hadi 12 tuu, 13 hadi 17 thrii, 18 na 19 foo, zaidi ya hapo ziro. Halafu wanakuja TCU, wasimamizi wa vyuo vikuu, ambao hesabu yao imegeuzwa: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1 na S ni nusu. Kwa uchache wanataka prinsipali mbili, maana yake masomo mawili uliyopata kati ya A na E, na jumla yake ifike 4. General Studies haimo, hata ungeipata A.

Sasa chukua vijana wawili wa shule moja, kombi moja, tuseme HGK. Mmoja ana D ya Historia, D ya Kiswahili na F ya Jiografia. Mwenzake ana E, E, E. Wote wawili mtandaoni wanasomeka divisheni thrii, pointi 15. Yule aliyeanguka somo zima ana pointi 4 za TCU na anaruhusiwa kuomba digrii. Yule ambaye hakuanguka popote ana 2, maana yanahesabiwa masomo mawili, na haruhusiwi.

Mzazi umwelezeje hilo? Msimu mmoja alikuja mzee kutoka upande wa Bahi na binti yake. Matokeo alikuwa ameyanakili kwa kalamu nyuma ya daftari, na chini yake amepiga mistari miwili.

"Mama, mimi nimeshauza ng'ombe," akaniambia hata hajakaa. "Niombee UDOM." Yaani Chuo Kikuu cha Dodoma.

Nikafungua matokeo. E tatu. Nikamweleza taratibu, akaniangalia kana kwamba kuna kitu namficha.

"Mtoto wa jirani yangu ana kumi na tano. Wa kwangu ana kumi na tano. Wa jirani anakwenda chuo. Wa kwangu kwa nini asiende?"

Binti alikuwa ameinama, anaubanduabandua ukingo wa bahasha ya plastiki yenye vyeti vyake. Yeye alikuwa anajua, na nadhani alijua tangu siku ya kwanza. Nikachukua karatasi ya kopi iliyoharibika, nikachora safu mbili, huku za baraza, huku za TCU, nikamwekea mzee herufi za mwanawe na za mtoto wa jirani. Akazisoma kwa kidole, juu hadi chini, akarudia. Kisha akauliza, "Kwa hiyo hawa wa mitihani na hawa wa vyuo hawajawahi kukaa kikao kimoja?" Nilicheka, na yeye akacheka, lakini swali lake naona lilikuwa la haki kabisa.

Binti yule hakwenda UDOM. Alikwenda Hombolo, Chuo cha Serikali za Mitaa, kusoma stashahada. Vyuo vingi vya kati, kwa fani za utawala, biashara au mipango, humpokea mwenye prinsipali moja na subsidiari moja (ndiyo hiyo S) ya kidato cha sita akaanzia ngazi ya tano, maana ya sita ndiyo stashahada yenyewe, akamaliza stashahada kwa miaka miwili. Yeye alikuwa na prinsipali tatu. Palepale kaunta, mtoto aliyekuwa "amefeli" akawa na ziada.

Hapa Dodoma tuna ugonjwa wetu. UDOM iko pale Chimwaga tangu 2007, majengo yake yanaonekana toka mbali, na mtoto anakua akioneshwa kidole: "Na wewe utasoma pale." Chuo cha Mipango kipo Miyuji, CBE, chuo cha elimu ya biashara, wana tawi mjini, Hombolo si safari ya kulala njiani, Mpwapwa kuna chuo cha mifugo na cha ualimu. Lakini hakuna anayemwonesha mtoto kidole kuelekea Hombolo. Kwa hiyo matokeo yakitoka mabaya, familia nzima inatafuta kitu kimoja tu: digrii yoyote, mradi majirani waambiwe mtoto yuko chuo kikuu.

Hiyo digrii yoyote ndiyo ninayoipinga. Mwenye pointi 4 anaruhusiwa kuomba, kweli, ila kozi nyingi zina masharti yake juu ya hizo nne, zinataja masomo, na zenye waombaji wengi huchukua wa juu kwanza. Kinachobaki ni kozi zenye nafasi. Namjua kijana wa mtaa huu aliyetaka uhasibu tangu akiwa kidato cha pili, aliyekuwa akimtunzia mama yake daftari la mauzo ya karanga. Alipokosa, akachagua kozi nyingine usiku wa mwisho wa dirisha la maombi, kwenye kiti hiki hiki cha wateja wangu, kwa kuangalia ipi bado iko wazi. Mwaka wa pili alikuwa anakuja kuchapa kazi ambazo ni dhahiri hajazisoma. Alihitimu, akapiga picha na joho. Sasa hivi anasoma uhasibu jioni, kuanzia chini, na mkopo wa digrii ya kwanza unamsubiri. Wapo waliookota kozi wakaipenda, sikatai. Dada mmoja aliingia takwimu bila kujua ni nini na leo huwezi kumtoa. Lakini huyo alibahatika, na mimi sipangi ada ya mtoto wangu kwa bahati.

Kijana yule angekwenda moja kwa moja stashahada ya uhasibu, angekuwa ameimaliza mapema na njia ya digrii iko mbele yake. TCU humpokea mwenye stashahada ya ngazi ya sita akiwa na GPA, yaani wastani wa alama zake za chuoni, isiyopungua 3.0 na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, na hapo E zake za kidato cha sita hazimfuati tena. Kitu kimoja wengi wanakisahau: lazima uwe na AVN, namba ya uhakiki wa stashahada inayotolewa na NACTVET, wasimamizi wa vyuo vya kati. Wanaikumbuka dirisha likiwa limebaki siku chache, wanakuja kwangu wanahema, na chuo chao hakijapeleka matokeo. Mimi hapo sina la kufanya zaidi ya kuwapa kiti.

Wanaoumia kuliko wote ni wa PCB waliotaka udaktari. Masharti kwenye karatasi ni D tatu: Fizikia, Kemia, Baiolojia, jumla pointi 6. Binti mwenye D ya Baiolojia, D ya Kemia na E ya Fizikia ana 5. Amekosa kwa pointi moja, na pointi hiyo moja huwa ndiyo inayomla usiku. (Hata mwenye hizo D tatu asijipige kifua. Kuruhusiwa kuomba ni jambo moja, kuchaguliwa ni jingine.) Kwa huyo, kinachohesabika sasa ni cheti cha kidato cha nne, kile alichokitupa chini ya godoro akidhani kazi yake imekwisha. Stashahada ya utabibu, miaka mitatu, inaombwa kwa cheti hicho: ufaulu wa Fizikia, Kemia, Baiolojia na somo jingine lisilo la dini. Akimaliza ni tabibu, ana kazi ya mikono yake. Akiwa na GPA ya 3.0 anaweza kuomba udaktari, miaka mitano, na mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Ni safari ndefu, tusidanganyane. Mzazi ajumlishe miaka hiyo kabla hajasema "sawa".

Na humo kuna mtego. Anayetoka stashahada ya utabibu kwenda udaktari anatakiwa awe na walau D ya kidato cha nne katika masomo hayo matatu ya sayansi, na Hisabati, na Kiingereza. Hisabati! Nusu ya wanaonijia wana F ya Hisabati na hakuna aliyewaambia. Dawa yake ipo, ni kujisajili mtahiniwa wa kujitegemea, akaifanya Hisabati peke yake Novemba, tena akiwa bado yuko chuo cha kati. Bora aijue mwaka wa kwanza kuliko wa tatu.

Kurisiti kidato cha sita? Ningerisiti kama nimepungukiwa pointi moja au mbili na najua hasa niliteleza wapi. Kati ya E na D ni alama kumi tu kwa ukubwa wake, E inaanzia 40 na D 50. Aliyepata 48 akiwa anaumwa malaria wiki ya mtihani si sawa na aliyepata 40 akiwa mzima. Tatizo hamjui nani ana ngapi, matokeo yanatoa herufi tu, kwa hiyo lazima ujiulize mwenyewe bila kujipendelea. Halafu kuna jambo ambalo watu wa Dar hawatalielewa. Mvua zetu huku ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Mtihani ni Mei. Kijana anayerisiti akiwa nyumbani Chamwino au Kongwa, miezi ya kusoma ndiyo miezi ya kulima, kupalilia na kuwinga ndege kwenye uwele. Hakuna baba atakayepita na jembe akamwacha kijana wa miaka ishirini ameketi chini ya mti na kitabu cha Jiografia. Kama kurisiti ni lazima, atafutiwe pa kukaa mjini, karibu na kituo cha masomo, la sivyo mwakani tutaonana naye hapa na E zilezile.

Kwa ambaye tayari ana kazi au familia, Chuo Kikuu Huria wana programu ya msingi, na kituo chao hapa Dodoma kipo. Wanapokea walau pointi 1.5 kutoka masomo mawili ya kidato cha sita, yaani hata E moja na S moja, na ukifaulu kwa GPA ya 3.0 na C katika masomo matatu ya kundi lako unaomba digrii. Inahitaji mtu anayejisukuma mwenyewe. Mtoto aliyezoea kengele ya bweni inamshinda.

Kuhusu fedha, wengi bado wanaamini mkopo ni wa digrii pekee. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo inakopesha pia stashahada kwa fani zilizotajwa, zikiwamo za afya, ualimu, madini, kilimo na mifugo. Fani yako isipokuwamo, ng'ombe inauzwa, na hapo ndipo madalali wanapoinusa. Aliwahi kuja mama amepewa fomu ya "chuo", nikalitafuta jina la chuo hicho kwenye orodha ya NACTVET, halikuwamo, wala hicho chuo hakina jengo, kina namba ya WhatsApp. Alikuwa ameshatuma nusu ya ada. Kwa hiyo mteja wangu yeyote simjazii fomu kabla hatujaangalia chuo na kozi yenyewe kwenye orodha hiyo, maana kuna vyuo vimesajiliwa lakini kozi fulani hawana kibali nayo. Ada ya chuo cha serikali inalipwa kwa kontroli namba. Cha binafsi, kwa akaunti ya benki yenye jina la chuo. Ukitumiwa namba ya simu yenye jina la mtu, hata kama ni jina la mchungaji, usitume, njoo kwanza tuangalie pamoja, na hiyo siitozi.