Kwa nini mtoto mwenye homa anasikia baridi

Dada, umeuliza kwa nini mwanao aliomba blanketi huku anatetemeka, wakati ukimgusa anachoma, tena kwenye joto hili la Dar. Hakudeka, baridi anaisikia kweli.

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Ndiyo inayopanga mwili uwe na joto kiasi gani, kwa kawaida karibu nyuzi 37. Vijidudu vikiingia, chembe za kinga hutoa kemikali za kupeleka taarifa, nazo husababisha kutengenezwa kwa kemikali nyingine iitwayo prostaglandini E2. Hiyo ikiifikia haipothalamasi, kiwango kinapandishwa, tuseme hadi 39. Sasa mwili wenye 37 unajiona umepoa! Mishipa ya ngozi inajibana, mikono na miguu inakuwa ya baridi, na misuli inatetemeka ili izalishe joto. Parasetamo hupunguza utengenezaji wa prostaglandini, kiwango kinashuka, ndipo unaona jasho linamtoka. (Aliyezidiwa na jua ni habari nyingine: kiwango chake hakijapanda, mwili umeshindwa tu kujipoza, kwa hiyo parasetamo haimsaidii.)

Tafadhali usimmwagie maji ya baridi, atazidi kutetemeka. Mpunguzie nguo, mpe vinywaji kidogo kidogo. Aspirini usimpe kabisa. Na hata homa ikishuka usiridhike, maana parasetamo haitibu malaria: mpeleke zahanati leo hii akapimwe damu. Akipata degedege au akishindwa kunywa, usingoje chochote, kimbia naye hospitali.