Anza na Masnavi ya nathari

Dada, kwa kuwa umeuliza hadithi fupi zilizotoka kwenye ushairi wa kale wa Kiajemi, na umesema mashairi yenyewe yanakuchosha, tafuta Tales from the Masnavi ya A. J. Arberry (1961). Ukiipenda, ipo ya pili, More Tales from the Masnavi, ya 1963.

Masnavi ni shairi refu la Rumi, mshairi wa Kiajemi wa karne ya 13; lina vitabu sita na beti kama 25,000. Rumi huanza kisa, akakiacha katikati aende kwenye mawaidha, kisha arudi baadaye. Arberry amevichomoa visa vyenyewe na kuviandika kwa nathari, vingine ukurasa mmoja tu.

Mimi kilichonimaliza ni cha mfanyabiashara na kasuku wake. Bwana anasafiri kwenda India, kasuku wa tunduni anampa salamu awafikishie kasuku wa huko. Mmoja akizisikia anaanguka, kama amekufa. Bwana anarudi nyumbani anajuta, anasimulia, na wa kwake naye anaanguka puu! Anamtoa tunduni akilia... na ndege huyo juu ya tawi. Kumbe yule wa India alikuwa anamfundisha njia ya kutoka.

Kiingereza chake ni cha kizamani kidogo, cha profesa wa Cambridge, kwa hiyo soma visa viwili vitatu kwa siku. Nakala za mitumba zinapatikana mtandaoni. Gulistan (1258), kitabu cha Saadi, mshairi mwingine wa Kiajemi, kiache kwanza. Nacho kina visa vifupi, ila kimechanganyika na mashairi.