Tangazo nyuma ya mlango

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma, na mama yako nimemsomea. Unauliza ubaki kwenye kazi ya kutengeneza mfumo wa maudhui wa tovuti, ule unaopanga maandishi ya kurasa zake, au uhamie timu ya malipo, hao wanaokuita fundi mabango. Mama yako jibu analo tayari. Mimi nina swali: gharama ambazo kampuni yenu inawatoza wateja zinakaa ukurasa gani, na nani ana ruhusa ya kuzihamisha?

Newala, nilikokuwa karani wa benki, unaijua kwa kusimuliwa tu. Miaka michache baada ya sheria ya 1991 kuruhusu benki binafsi, akaunti ndogo zilianza kuonekana mzigo. Kwetu likaja tangazo kutoka makao makuu: kiwango cha chini cha salio kimepanda, na akaunti itakayopungua itakatwa ada kila mwezi. Nikalibandika kando ya dirisha langu. Mchana meneja akalibandua kwa mkono wake, akaenda kulibandika ukutani nyuma ya mlango. Mlango wenyewe ulifungukia ndani, na saa zote za kazi uliwekewa jiwe usijirudi. Ukiwa wazi ulilifunika tangazo lote. Kwa hiyo lilisomeka benki ikishafungwa, na msomaji alikuwa mlinzi.

Masika, pesa za korosho zimekwisha mikononi mwa watu, akaja mama mmoja kutoka Kitangari, kitabu chake cha akiba amekifunga kwenye pindo la khanga. Nikaandika salio jipya, nikamrudishia. Akaniuliza, "Nani katoa?" Nikamwambia ni ada, tangazo lilitolewa. "Lilitolewa wapi?" Nikatoka kaunta, nikasukuma lile jiwe kwa mguu, nikafunga mlango wa benki saa nne asubuhi, wateja wamejaa ndani, ili alione. Kusoma hajui. Nikamsomea mstari kwa mstari. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe lipo," akajitanda khanga yake akaenda zake. Angenitukana ningelala usiku ule. Barua ya onyo niliyoandikiwa kwa kufunga mlango ninayo mpaka leo, umeiona kwenye lile sanduku la vyeti.

Ndiyo maana nasema, na nyie mcheke mpaka mchoke: pesa za watu huliwa kwenye maandishi kabla hazijaliwa kwenye daftari.

Halafu unaniambia kazi yako ni mabango. Idi ya Kuchinja ya 2021 umeisahau? Tozo za miamala ya simu zilianza tarehe 15 Julai, kuanzia shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala, na Idi ikaangukia wiki iliyofuata. Ulikula pilau kwa mkono mmoja, wa pili unabadilisha gharama ukurasa baada ya ukurasa, kwa sababu kila aliyewahi kuandika ukurasa alijaza bei mwenyewe. Septemba serikali ilipopunguza tozo asilimia 30, ukanipigia kwamba safari hii umebadilisha mahali pamoja tu, kurasa zote zikafuata. Ukaongeza kwamba ukurasa wa mkopo hauwezi kwenda hewani kama sehemu ya riba na ada iko tupu, hata bosi wa masoko abonyeze mpaka kidole kiume. Nilikwambia urudie, nikamwita mama yako aje asikie. Hukujua kwa nini. Sasa umejua.

Lakini ngoja. Mshahara wa timu ya malipo ni mkubwa, na ada ya chuo ya mdogo wako haisubiri hadithi za Newala. Tena nani kasema huko hakuna pa kufichia tangazo? Pale mtu anapoonyeshwa makato kabla hajaingiza namba ya siri, si ni kwao? Pengine huko ndiko anahitajika mtu kama wewe, na mimi nang'ang'ania ukuta kwa sababu ukuta ndio niliouona. Haya, umehama. Atakayekaa kwenye kiti chako ataambiwa alegeze lile sharti kwa muda tu, promosheni ipite. Atakuwa mgeni, atalegeza. Au umebaki, na wewe ndiye unayeambiwa ada iwe chini kabisa, herufi ndogo za kijivu. Utafanyaje? Hilo hukuniandikia.

Nilishaandika neno moja hapa nikalikata, na mama yako kaliona, anacheka. Sikwambii ubaki. Maisha ni yako, na karani mstaafu hapangi ajira za watu. Ila kabla hujawajibu wakubwa wako, fungua tovuti yenu kwenye simu ndogo kama hii yangu yenye kioo kilichopasuka, bando la bei rahisi, uone unateremka mpaka wapi ndipo uifikie ada ya mkopo. Uniambie.

Mama yako atakupigia Ijumaa baada ya swala. Jifanye hujui anachotaka kusema.

Baba yako