Jibu: Redio mpya inawaka lakini spika zote kimya

Habari ndugu. Umesema redio ya Android inawaka, skrini inaonyesha wimbo unacheza, ila spika zote kimya, na gari lina amplifaya (kikuza sauti) ya kiwandani. Kabla hujabadilisha chochote, tafuta nyuma ya redio waya wa bluu wenye mstari mweupe. Huo ndio unaoiamsha amplifaya. Washa redio, upime kwa multimita: unatakiwa kuona kama volti 12. Zikiwepo, hakikisha umeungwa na waya wa kuwashia amplifaya upande wa gari. Wangu fundi aliufunga selotepu akauacha unaning'inia, eti wa antena! Wa antena ni ule wa bluu mtupu. Ukiunga huo kwenye amplifaya, kwenye redio nyingi FM itasikika, ukihamia Bluetooth sauti inakata.

Sauti ikija na mvumo, peleka sauti kwenye amplifaya kwa RCA (soketi za mviringo za kutolea sauti nyuma ya redio) badala ya nyaya za spika.

Mtu akikwambia uiruke amplifaya, yaani uunge spika moja kwa moja kwenye redio, pima spika kwanza. Zikisoma karibu omu 2, redio iliyotengenezewa spika za omu 4 itachemka.

Nimefanya hili kwenye Harrier tu, kwa hiyo rangi za nyaya upande wa gari zitazame kwenye mchoro wa modeli yako.